"Mke akiachwa anabeba nusu" na mengine ninayoyasikia kila wiki ofisini

Nimechoka kuisikia hii. Nafanya kesi za ndoa na mirathi, nyingi zinaishia pale Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia Temeke, na siku hizi mwanaume akishakaa tu kwenye kiti, hata sijamuuliza ndoa ilifungwa wapi, ananiambia "kaka wakili, wewe ni mwanaume mwenzangu, hizi sheria za mafeministi unazijua, mwanamke akiondoka anabeba nusu ya kila kitu". Vijana wa kataa ndoa huko mitandaoni nao wanaichukua hivyo hivyo wanaifanya sababu ya kutooa kabisa. Na wanawake wanaiamini pia, tena wengine wameiamini mpaka wanakuja mahakamani mikono mitupu, hawana hata risiti moja, wanasubiri nusu ijilete yenyewe. Naiandika kirefu kwa sababu inaumiza pande zote mbili.

"Mkiachana sheria inampa mke nusu ya mali zako zote"

Haipo. Chukua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, fungua kifungu cha 114, usome mwenyewe badala ya kusikiliza klipu ya dakika moja. Kinachosemwa pale ni kwamba mahakama ikitoa talaka au ikiamuru mtengane inaweza kuagiza mgawanyo wa mali mlizochuma wakati wa ndoa kwa juhudi zenu za pamoja. Nyumba uliyoimaliza kabla hujaoa ni yako, shamba ulilorithi kwa baba yako ni lako, na kifungu cha 58 kinasema wazi kwamba kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki wa mali ya mtu, awe mume awe mke. Mali ya zamani inaingia kwenye mgawanyo pale tu mwenzako alipoiendeleza kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, au mliiendeleza wote, mfano ulikuwa na msingi na tofali mia mbili, yeye akaja na mkopo wake wa kazini mkapandisha nyumba mpaka bati. Hapo kweli hutaniambia ni yako peke yako.

Halafu hata hizo mlizochuma pamoja hazikatwi katikati kama mkate. Hakimu anaangalia mila za jamii yenu, anaangalia kila mmoja kachangia nini kwa pesa, kwa mali au kwa kazi, anaangalia madeni mliyokopa kwa faida ya wote, anaangalia mahitaji ya watoto wadogo, na akishamaliza hayo yote ndipo sheria inamwambia aelemee kwenye usawa. Watu wanaruka yote ya mwanzo wanashika neno la mwisho. Nimeona kesi mke kapata asilimia thelathini, nimeona kumi, nimeona hamsini pia, inategemea nini kimeletwa mbele ya hakimu. Kenya ni hivyo hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba yao haumaanishi kila mtu anapewa nusu moja kwa moja, lazima mchango uonekane, na walikuwa wanaamua kesi ambayo watu walitegemea ndiyo itakayoleta hiyo hamsini kwa hamsini.

Sasa hapa kwenye "kazi" ndipo wateja wangu wa kiume wanapopandisha sauti. "Alikuwa anakaa tu nyumbani huyu." Kaka, hakukaa tu. Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 ilishamaliza huo ubishi, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango kwenye kuchuma mali, maana wewe ulipata nafasi ya kwenda kutafuta kwa sababu kuna mtu kabaki anashika mengine yote. Hiyo inajulikana. Isiyojulikana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, mahakama iliona mumewe alishampa hela na yeye akaitapanya, kwa hiyo mchango wake ukapunguzwa mpaka hakuna kilichobaki cha kumpa. Yaani kesi ile ile inayotajwa kila siku kama kesi ya mafeministi, mwanamke alitoka bila kitu. Kila mtu anayepiga kelele kuhusu sheria hii angeisoma kesi ile mpaka mwisho tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Na hii ya kusema sheria hizi ni mambo ya Beijing nayo inanikera kwa sababu tarehe zipo. Mkutano wa Beijing, ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, ulikuwa 1995, na ndiyo, Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, mama Gertrude Mongella. Lakini Sheria ya Ndoa ni ya 1971, miaka 24 kabla, mapendekezo yake serikali ya Mwalimu iliyatoa 1969 watu wakayajadili, na ukiisoma utaona ina mambo mengi ambayo mafeministi wenyewe wanayapigia kelele mpaka leo. Inaruhusu ndoa ya wake wengi. Inasema mume ndiye mwenye jukumu la kumtunza mke. Iliweka umri wa kuolewa binti kuwa miaka 15 wakati mvulana ni 18, mpaka Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda Mahakama Kuu kuupinga akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Sheria ya namna hiyo unaiitaje ya kifeministi?

Ninachokilalamikia zaidi ni kile wanaume wanachofanya kwa sababu ya huo uoga. 2023 ilizunguka ile stori ya mchezaji mpira wa Morocco kwamba mali zote kaandikisha jina la mama yake na mke kaambulia patupu, haikuwahi kuthibitishwa, ila huku kwetu ilipokelewa kama mafunzo. Wakaanza kuja. Kiwanja jina la mama, gari jina la kaka, nyumba ya kupangisha jina la mdogo wake aliye masomoni. Mteja wangu mmoja alinunua kiwanja Kigamboni akaandika jina la kaka yake ili mkewe asijue, akajenga humo kwa miaka, hela zote zake. Kaka akafariki. Msimamizi wa mirathi akaorodhesha ile nyumba kama mali ya marehemu, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa sababu hati inasema hivyo, wenye kurithi ni mjane na watoto wa marehemu. Huyu bwana na mkewe walikuwa hawajaachana wala hawakuwa na ugomvi. Amekimbia mgawanyo ambao haukuwepo, nyumba imeondoka. Na kwa mama ni hivyo hivyo, siku mama anaondoka duniani ile nyumba ni ya ndugu zako wote tumbo moja, na yule dada yako uliyemnunia miaka mingi ana fungu lake humo, utaenda kuwaambia nini? Kwamba ulikuwa unamdanganya mkeo?

Ushauri wangu nautoa kwa kila mtu na sitaacha kuutoa: andikeni. Mkinunua kiwanja pamoja andikeni majina yote mawili kwenye mkataba wa mauziano, siyo mume peke yake na mke awe shahidi, hiyo ya mke kuwa shahidi ndiyo naiona kila siku na ndiyo inayoleta vurugu. Mama, ukitoa hela yako ya kikoba ikanunua bati, tuma kwa simu usitoe taslimu, muamala unabaki. Weka risiti za saruji kwenye bahasha. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na mimi siwezi kusimama mbele ya hakimu nikasema mteja wangu aliteseka sana. Mwanaume naye aliyejenga kabla ya ndoa atunze kibali chake cha ujenzi na mkataba wa fundi wenye tarehe, ndio utakaomlinda, siyo jina la kaka.

Jambo moja la wanawake hapa hapa, maana nao wanalia ofisini: mmejenga kijijini kwao mume, kwenye eneo la ukoo, umetoa hela zako na jasho. Ile ardhi siyo ya mume wako, ni ya baba yake au ya ukoo, na mahakama haiwezi kuwagawia mali ya mtu ambaye hayumo kwenye ndoa yenu. Ulizia ardhi ni ya nani kabla hujatoa hela ya tofali.

"Hela ya mume ni yetu, hela yangu ni yangu"

Hii ni ya kina dada na nusu yake ni kweli. Mume ana wajibu wa kisheria wa chakula, mavazi na makazi kulingana na uwezo wake, kifungu cha 63. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mume akishindwa kuchuma kwa sababu ya ajali au maradhi ya mwili au akili, mke mwenye uwezo anamtunza yeye. Na mali uliyochuma ndani ya ndoa ukaiita yako, kama ilipatikana kwa juhudi za wote nayo inaingia kwenye mgawanyo, duka lako la Kariakoo ambalo mtaji alitoa yeye halina kinga kwa sababu wewe ni mwanamke.

"Mkikaa pamoja miezi sita ni mke na mume"

Miezi sita wameitoa wapi sijui. Ni miaka miwili au zaidi, kifungu cha 160, na majirani na ndugu wawe wanawatambua hivyo, na hata hapo ni dhana tu, mwenzako akileta ushahidi kwamba yeye ana mke wa ndoa ya kanisani aliye hai inavunjika. Mahakama bado inaweza kukupa nafuu wewe na watoto ila usijiite mke wa ndoa kwa kuhesabu miezi. Nendeni mkafunge ndoa.

"Mila zetu Waafrika mali ni ya mwanaume"

Mila zipi? Waluguru wa pale Morogoro ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama, Wamakonde na Wamwera wa kusini nao hivyo, kijana anajua mjomba ndiye mwenye sauti. Mtu anachukua mila za kwao anazifanya za bara zima. Na hata huko ambako mila inampendelea mwanaume mahakama ilishasema neno: Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, uzee ukamkuta hana wa kumtunza, akaliuza 1988 kwa shilingi 300,000, ndugu wa ukoo akamshtaki eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya kule Mwanza mwaka 1990 akasema sheria ya kimila inayomzuia mwanamke kuuza inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba. Yule mama alikuwa anatafuta hela ya kula. Hakuwa na habari na ufeministi.

"Nimetoa mahari kwa hiyo ni wangu"

Ndoa ni halali hata mahari isipotoka hata senti, kifungu cha 41. Na kifungu cha 66 hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, ng'ombe ziwe kumi ziwe ishirini. Kifungu hicho hakichagui jinsia. Mwanaume unayepigwa nyumbani nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, hakuna sheria inayosema dawati ni la wanawake, na wanaume wanaokuja kwangu wameshaumizwa mara kadhaa wakaona aibu kwenda ndio wanaonisikitisha kuliko wote, kwa sababu wamefundishwa kwamba mwanaume kamili anavumilia mpaka azikwe.

"Mtoto akifika miaka saba ni wa baba"

Hapana. Chini ya miaka saba kuna dhana kwamba ni vizuri akae na mama, na inaweza kupingwa. Baada ya saba hakuna kinachohama chenyewe, mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, na mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza anasikilizwa. Usiende shuleni kumchukua kwa nguvu siku ya bethidei yake, nitashindwa kukutetea.

"Nimeshamwandikia talaka, tumemalizana"

Hamjamalizana. Hata kwa ndoa ya Kiislamu, kwa sheria za nchi talaka inakamilika mahakamani, ile karatasi inamsaidia hakimu kuona kwamba ndoa imevunjika. Na kabla ya mahakama mnaanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata, la Bakwata (baraza kuu la Waislamu) au la kanisani, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa fomu namba 3. Isome kabla hujaondoka pale, iwe imejazwa kwamba wameshindwa kuwasuluhisha, na imesainiwa na kupigwa muhuri, kwa sababu ikija na kasoro kesi inaondolewa na mnarudi kuanza upya baraza.