Davy Crockett na hadithi ya "mashamba ya bure"

Kila nikifundisha wakulima wa Marekani wa karne ya 19, hasa Davy Crockett wa jimbo la Tennessee, yule mwindaji maarufu aliyekuja kuwa mbunge, kuna mtu lazima aseme "si enzi zile ulikuwa unajikatia tu shamba bure mwalimu?" Hapana jamani. Sheria ya kuwagawia watu eka 160 ilipita 1862, Crockett ameshakufa tangu 1836.

Ardhi ya magharibi ya Tennessee ilikuwa ya Wachickasaw, kabila la Wahindi Wekundu, mpaka 1818 walipoitoa kwa mkataba na serikali, halafu ikaja kugombaniwa na wenye vyeti vya ardhi vya jimbo jirani la North Carolina, vile walivyopewa wanajeshi wa vita vya uhuru na vingi vikaishia kununuliwa na matajiri na madalali. Sasa wewe maskini umefyeka msitu, umejenga kibanda cha magogo, umelima mahindi miaka kadhaa, anatokea mtu na cheti chake anakwambia hamisha vitu vyako. Hiyo ndo bure yenyewe! Hao ndo walimpigia Crockett kura akaingia bunge la jimbo 1821 na tena 1823, na alipofika Congress, bunge la taifa, 1827 akahangaika na muswada wa kuwaachia hawa watu viwanja vyao, ukagoma kupita. Mwanae John Wesley ndo alikuja kupitisha uliofanana nao mwaka 1841. Mimi huwa nawaambia, ukitaka kumjua mkulima wa zamani anza na madeni na hati ya shamba, bunduki utaikuta tu.

Eti mbunge lazima alikuwa tajiri? Mwaka huohuo wa 1821, akiwa kikaoni, mafuriko yakamzolea kinu cha kusaga na cha baruti, wakauza walichonacho kulipa madeni wakahama.

Eti alizaliwa kileleni mwa mlima? Hayo ni maneno ya wimbo maarufu unaomsifu. Alizaliwa kando ya mto Nolichucky.

Eti alikuwa mtu wa Andrew Jackson, yule jenerali aliyekuja kuwa rais? Aliwahi kupigana chini yake kweli, ila 1830 kwenye sheria aliyoitaka Jackson ya kuwahamisha Wahindi Wekundu ni yeye peke yake kati ya wabunge wa Tennessee aliyepiga kura ya hapana.

Na hili la kwamba alienda Texas, alikofia vitani Alamo, kutafuta kufa shujaa, basi someni barua yake ya Januari 1836: anasifia ardhi ya kule, anataka kuhamishia familia. Alishaanguka uchaguzi wa 1835, akaenda kutafuta shamba.