Saa ya Uswisi si lazima irudi kiwandani

Wenye saa za bei kubwa hapa Dodoma wamezoea kuambiana kwamba saa ya Uswisi ikiguswa na fundi asiye wa kampuni, thamani yake imekwisha. Matokeo yake, saa nzuri hukaa kabatini hadi mafuta yanakauka.

Ukweli una pande mbili. Dhamana ikiwa bado hai (Rolex na Omega hutoa miaka 5), nenda kwa wakala. Ikishakwisha, angalia mashine iliyomo. ETA 2824, kwa mfano, ni mashine ya Uswisi iliyotumiwa ndani ya saa za kampuni nyingi, na fundi huru aliyesomea kazi anaimudu vizuri. Rolex ni habari nyingine: vipuri vyake halisi havipatikani kirahisi nje ya mtandao wa kampuni.

Kinachoharibu saa ni namna inavyofunguliwa. Kiangazi vumbi letu huingia kila mahali. Fundi wa kibandani Majengo atakubadilishia mkanda bila shida, lakini mashine ikifunguliwa pale, vumbi huchanganyika na mafuta na kuanza kusaga vyuma. Muulize fundi: anafungulia wapi? Anabomoa mashine yote na kuiosha, au anadondoshea mafuta tu juu? Mfuniko wa nyuma anaufungua kwa kifaa chake, au kwa koleo? Raba ya kuzuia maji anaweka mpya, kisha anapima kwa kifaa maalumu kama maji hayaingii? Asiye na kipimo hicho, mimi simwachii saa ya kuogelea, hata awe amesifiwa na mji mzima.