Maombi yakikaa kimya haimaanishi imani yako ni ndogo

Kuna kauli inazunguka sana makanisani, eti ukiomba usipate basi imani yako ndogo au kuna dhambi umeificha, na mtu anaambiwa hivyo mgonjwa wake bado yuko wodini. Jamani si kweli, Biblia yenyewe inakataa.

Mcheki Paulo. Kule Efeso hata leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, lakini "mwiba" wake mwenyewe, yaani taabu iliyokuwa inamsumbua mwilini, alimsihi Bwana mara 3 autoe na haukutoka, akajibiwa tu "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Huyohuyo alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto anaumwa, na Timotheo aliyekuwa na shida ya tumbo hakumwambia aongeze kufunga, alimwambia atumie mvinyo kidogo. Sasa hapo nani alikuwa na imani haba? Na Yesu pale Gethsemane aliomba aondolewe kikombe cha mateso, hana dhambi hata moja, na bado akasulubiwa.

Kuhusu dhambi, wanafunzi waliuliza hivyohivyo kwa yule kipofu wa Yohana 9, Yesu akasema hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake.

Kama maneno ya shukrani hayatoki kabisa, soma Zaburi 88 kwa sauti, inalia mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani, na bado ni sala halali imo kwenye Biblia. Na wewe unayeenda kumwona mgonjwa, naomba sana usianze kumhoji ametubu nini, mpelekee uji, mchangie nauli ya kliniki, halafu muombe pamoja.