Mchoro Ukishauzwa, Bado Una Mali Mkononi

Wachoraji wengi wanaokuja kwetu kuomba ushauri huanza na swali la mashine: ninunue printa gani? Tunawarudisha nyuma kidogo. Mchoro halisi huuzwa mara moja. Mnunuzi akishauchukua, umekwenda. Msanii hubaki na vitu viwili: haki ya kuutoa nakala, na faili ya picha yake. Mtaji wa biashara ya nakala ndio huo. Printa inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Tuanze na haki, maana ndiyo inayosahaulika. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo, na kwa mchoro hudumu angalau miaka 50 baada ya msanii kufariki. Aliyenunua mchoro amenunua turubai na rangi iliyo juu yake. Haki ya kuuchapa kwa kawaida hubaki kwa mchoraji mpaka waandikiane vinginevyo. Kuna pa kuangalia, hata hivyo. Kazi uliyoagizwa na mteja, au uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, huweza kuwa na masharti yake kisheria. Na mchoro ulionakiliwa kutoka picha iliyopigwa na mtu mwingine unahitaji ridhaa ya mpigapicha. Iombwe kabla ya kuchapa, si baada ya picha kupendwa.

Ugomvi wa nakala ni wa zamani. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani wa Nuremberg, aliuza picha za chapa zaidi ya miaka 500 iliyopita, na mkewe Agnes alizipeleka sokoni, hadi kwenye maonyesho ya biashara ya Frankfurt. Mchapaji Mwitaliano, Marcantonio Raimondi, akaziiga pamoja na alama ya herufi za jina la Dürer. Mwaka 1511 Dürer alichapa onyo kali dhidi ya waigaji, akitaja ulinzi aliopewa na Kaisari Maximilian. Wasanii wa leo wana ulinzi mpana kuliko wake. Wasichokuwa nacho, mara nyingi, ni Agnes.

Sasa faili, na hapa usibane matumizi. Kipimo kinachotumika sana kwa uchapaji mzuri ni nukta 300 kwa kila inchi. Kwa hesabu hiyo karatasi ya A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508, na A3 inataka 3508 kwa 4961. Faili ndogo ukiivuta iwe kubwa, kinachoongezeka ni ukungu. Mchoro mdogo wa penseli au wa rangi za maji uskani: kazi ya ukubwa wa A5 ikiskaniwa kwa nukta 600 inachapika vizuri kwenye A3.

Mchoro mkubwa, au wenye rangi nzito iliyoinuka, unapigwa picha. Utoe kwenye fremu na kioo, uusimamishe wima, na kamera iwe juu ya tripodi, lenzi ikitazamana na katikati ya mchoro. Taa mbili za aina moja, moja kila upande, ziumulike kwa pembe ya nyuzi 45. Zima taa nyingine zote, funga mapazia, usitumie flashi. Rangi ya mafuta ina mng'ao unaoharibu sehemu za giza. Dawa yake ni karatasi za polaraizi, zinazochuja mwanga, mbele ya taa na kichujio cha polaraizi kwenye lenzi, ambacho utakizungusha mpaka mng'ao upotee. Kama vanishi haijapakwa, piga picha kwanza. Katika picha ya mwanzo weka kadi ya kijivu pembeni, itasaidia kusahihisha rangi baadaye.

Kisha kuza picha kwenye kompyuta hadi asilimia 100 na utembelee kona zote nne. Nyuzi za turubai zikionekana wazi kila kona, umefaulu. Kona moja ikiwa na ukungu, au upande mmoja wa mchoro ukionekana mfupi kuliko mwenzake, kamera ilielemea. Rudia papo hapo, mchoro ungali mbele yako. Hifadhi faili kuu kwa TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha, kwa sababu aina ya JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Weka nakala yake mahali pengine, nje ya nyumba.

Rangi za skrini ni mwanga, za karatasi ni wino, na zipo ambazo wino hauzifikii, hasa buluu na waridi kali sana. Kwa hiyo usichape picha nzima kwanza. Chapa ukanda mwembamba wenye sehemu nyeusi kuliko zote, nyeupe kuliko zote na ile yenye rangi kali zaidi, kwenye karatasi ileile utakayouzia. Uache ukauke, uutazame kwa mwanga wa mchana, kisha chini ya taa. Karatasi ya pamba isiyo na tindikali na wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi) hudumu kuliko karatasi ya kawaida na wino wa dai (wenye rangi iliyoyeyushwa), ambao hupauka upesi juani. Acha pambizo nyeupe ya sentimita mbili au tatu kwa ajili ya fundi wa fremu.

Kuhusu printa, msimamo wetu ni kwamba anayeanza apeleke kazi kwa mchapaji. Printa ya wino ikikaa bila kazi huziba, na kuizibua hula wino.

Ukiandika 7/50 chini ya picha, yaani nakala ya saba kati ya 50, umetoa ahadi: zitakuwepo nakala 50 tu. Si lazima uzichape zote siku moja. Chapa kadiri oda zinavyokuja, lakini andika katika daftari namba, tarehe na mnunuzi. Kuongeza ya 51 kwa sababu soko limechangamka ni udanganyifu. Ukikusudia kutoa ukubwa mwingine wa picha hiyohiyo, sema tangu mwanzo.

Katika bei ingiza karatasi, uchapaji, kadibodi, mfuko, usafiri, nakala zilizoharibika na saa zako. Usisahau kamisheni: duka likichukua nusu ya bei, nawe umeuza kwa mara mbili ya gharama, umerudisha gharama tu, faida hakuna. Na usiuze nyumbani kwa bei ya chini kuliko ya duka linalokuwekea picha.

Siku moja kampuni itataka kuweka mchoro wako kwenye vikombe au vitambaa. Hapo huuzi nakala, unatoa leseni, yaani ruhusa ya kutumia mchoro. Iandikwe ni bidhaa gani, nchi zipi, muda gani na idadi gani. Wakitaka haki zote kwa muda wote, hiyo ni kuuza hakimiliki yenyewe, na bei yake haiwezi kuwa ya leseni.