Nguzo imeenda wapi? Mahema ya kwenye vitabu vya zamani, nikiyaangalia kama fundi

Mimi nashona mahema. Ya safari, yale ya kanvasi wanayolala watalii, na ya sherehe pia, hapa Arusha, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Na kwa miaka kama sita hivi, usiku nikishafunga karakana nakaa na laptop naangalia mahema ya aina nyingine kabisa, yale yaliyochorwa Ulaya na Baghdad kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kabla mashine ya kuchapa haijaja, kurasa za ngozi ya ndama au za karatasi, bluu yake na dhahabu yake bado inang'aa utadhani imepakwa juzi. Maktaba kubwa zimeviweka mtandaoni bure, unavuta picha karibu mpaka unaona mchoraji alipoinua brashi. Watu wananiuliza natafuta nini humo. Natafuta kamba.

Niseme vizuri. Mtu akiangalia hema kwenye picha anaona mistari, tufe la dhahabu kule juu kileleni, bendera, mfalme kakaa ndani. Fundi anaangalia mvutano unapita wapi. Hema siyo shuka uliyotupia juu ya mti, hema ni kitambaa kinachovutwa pande zote kwa wakati mmoja, nguzo inasukuma juu, kamba zinavuta nje na chini, kigingi kinashika, na kimoja kikilegea vyote vinajua. Kwa hiyo nikiona kamba zimechorwa sawa najua huyu mchoraji aliwahi kusimama karibu na hema, pengine hata alishika nyundo.

Kijana ninayefanya naye kazi nilimwonyesha picha moja, akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Fundi, sasa hii imesimamaje? Mbona nguzo siioni?" Swali hilo hilo ndilo wanalobishania mpaka leo wale watu wa Ulaya wanaoshona upya mahema ya enzi za kati kwa ajili ya maonyesho yao.

Picha yenyewe ilikuwa ya kwenye Kitabu cha Michezo cha Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, Hispania, kilichokamilika Sevilla mwaka 1283, mwaka mmoja kabla hajafariki, na sasa kinatunzwa kwenye monasteri ya El Escorial huko huko Hispania. Ni kitabu cha sataranji, dadu na michezo ya bodi. Kuna ukurasa mle Mwislamu na Mkristo wamekaa ndani ya hema moja wanacheza sataranji, mikuki imeachwa nje. Kwangu ni picha ninayoipenda kuliko zote. Hema limefunguliwa mbele kama pazia la jukwaa, hawa watu wawili wamejaa humo ndani, ukiwasimamisha vichwa vinatoboa paa. Na bodi ya sataranji iko katikati yao, imesimama wima kabisa, inakutazama wewe msomaji.

Sasa angalia hilo jambo la bodi. Hakuna mtu anayecheza sataranji kwenye bodi iliyosimama, kete zingeanguka zote. Mchoraji anajua. Kaisimamisha ili usome mchezo, maana kitabu kinafundisha mchezo, kete gani iko wapi na nani anamaliza kwa hatua ngapi. Na pale katikati bodi ilipo ndipo nguzo ya hema la duara ingetakiwa kusimama! Kaiondoa. Angeiacha ingepita katikati ya mchezo na ingewatenganisha wachezaji. Ndiyo maana mimi huwa nasema nguzo kutokuonekana siyo ushahidi kwamba haikuwepo, ni ushahidi kwamba pale katikati kulikuwa na kitu cha muhimu zaidi kwa msomaji. Mfalme kalala, malaika anashuka, Yaeli wa kwenye Biblia ana nyundo na kigingi mkononi juu ya kichwa cha Sisera, hao wote wanakaa mahali pa nguzo.

Ukitaka kuiona nguzo nenda Arezzo, Italia, kwenye ile picha ya ukutani ya Piero della Francesca ya ndoto ya Konstantino, mfalme wa Roma, ya miaka ya 1450 na 1460. Siyo kitabu najua, ila Piero alikuwa mtu wa hesabu na jiometri, na yeye kaichora nguzo, imenyooka pale pale kwenye kitanda cha mfalme, paa lenye umbo la pia juu, kuta zimekunjuliwa kushoto na kulia. Mara ya kwanza nilipoiona nilifurahi kama mtu aliyepata hati ya kiwanja.

Ubishi mwingine ni wa bega la hema, yaani pale paa linapokutana na ukuta. Kwenye picha nyingi paa linashuka limenyooka, alafu bega linakata kona kali na ukuta unaning'inia wima. Wengine wanasema ili upate kona kama ile lazima ndani kuwe na duara la mbao, au vijiti vinavyotoka kwenye nguzo kama mbavu za mwavuli. Wengine wanasema hapana, kamba peke yake zinatosha. Picha zenyewe hazionyeshi ndani ya paa, kwa hiyo kila upande una nafasi ya kusema. Mimi niko upande wa kamba na nitaeleza kwa nini.

Chukua hema la duara lenye kipenyo cha mita 5. Mzunguko wake ni kama mita 15.7. Ukiweka kamba 16, kila kamba iko karibu mita moja kutoka kwa mwenzake, na hiyo mita moja ya kitambaa kati yao inalegea, inafanya tumbo. Sasa kwenye vitabu vingi vya karne ya 14 na 15, vya Ufaransa hasa na Flanders, huko Ubelgiji ya leo, utaona kamba moja inatoka kwenye kigingi, alafu kabla haijafika kwenye bega inagawanyika, mbili, saa nyingine tatu. Sisi karakana tunaita mguu wa kuku. Vigingi vinabaki 16 lakini kitambaa kinashikwa sehemu 32, kila nusu mita, tumbo linapungua, na pale kamba inaposhonewa hapachaniki haraka maana mzigo umegawanywa. Huwezi kubuni mguu wa kuku ukiwa umekaa tu kwenye meza yako. Lazima umeona. Ukikuta mchoraji kauchora, hata kama hema lake ni dogo kuliko farasi, muamini kwenye mambo ya kamba.

Ila usimuamini kwenye umbali. Vigingi vyao karibu vyote viko kwenye miguu ya ukuta, kamba zimesimama karibu wima, na hapo hema haliwezi kukaza hata siku moja. Mi naona ni ukurasa tu, upana umeisha, pembeni kuna jeshi na mji na farasi, kamba angezipeleka wapi.

Angalia pia mishono. Mistari inayotoka kileleni ikishuka mpaka begani siyo urembo mtupu, ni vipande vya pembetatu vilivyounganishwa, maana kitani kilitoka kwenye mtambo wa kufumia kikiwa na upana mdogo na huwezi kupata paa la pia kwa kipande kimoja. Rangi zikipishana, nyekundu nyeupe nyekundu nyeupe, basi umeshapewa pateni, hesabu tu. Unahesabu upande unaoonekana, unazidisha mara mbili, unapata makadirio. Na ile tepe ya kitambaa inayoning'inia begani kuzunguka, yenye meno meno, ile inafunika mshono wa paa na ukuta ili maji ya mvua yasiingie kwenye matundu ya sindano, na inaficha vitanzi vya kamba. Mpaka leo naiweka kwenye mahema yangu ya sherehe, wateja wanadhani ni ya kupendeza tu.

Kuna mtego mmoja lazima niuseme maana niliingia humo mwenyewe mwaka mzima. Wachoraji wa zamani walikuwa wananakili wachoraji. Kuna kitabu cha Zaburi kinachoitwa cha Utrecht, kilichorwa karibu na Reims, Ufaransa, kwenye miaka ya 820 na 830, michoro ya wino tu, mistari inakimbia kama upepo, zaburi inachorwa neno kwa neno. Kitabu hicho kilivuka kikafika Canterbury, Uingereza, na mwanzoni mwa karne ya 11 watu wa huko wakaanza kujitengenezea cha kwao wakikifuata, ndicho kinaitwa Harley 603, hiyo ni namba yake ya maktaba. Sasa wewe ukikuta hema kwenye Harley ukasema haya basi, hivi ndivyo Waingereza walivyokuwa wanapiga kambi mwaka 1010, umekosea, inawezekana unaangalia hema la Ufaransa la miaka 200 nyuma, au la mbali zaidi, kwa sababu na wale wa Reims nao walikuwa na vitabu vya zamani mbele yao. Ni kama pateni ya gauni iliyopita kwa mafundi watano.

Lakini kuna kitabu kingine cha huko huko Canterbury, cha karne hiyo hiyo ya 11, vitabu sita vya kwanza vya Biblia kwa Kiingereza cha kale, kina michoro karibu 400, na humo mababu kina Ibrahimu wanakaa kwenye mahema ya mgongo, yale marefu yenye mti wa juu, ncha zimepambwa. Hilo halifanani na hema la jangwani hata kidogo. Na ukienda Norway, kwenye zile meli ambazo Waviking walizikiwa ndani yake, Gokstad iliyochimbuliwa 1880 na Oseberg iliyochimbuliwa 1904, walikuta mbao za fremu za mahema zimechongwa vichwa vya wanyama kule juu. Oseberg ni maziko ya mwaka 834. Mbao halisi, zenye matundu ya kupitishia mti! Hapo ndipo mchoro unapata shahidi, na mashahidi wa hivyo ni wachache sana maana kitambaa kinaoza, kamba inaoza, na hema likichakaa linakatwa linakuwa magunia. Mahema ya Waturuki yaliyoko ngome ya Wawel, Kraków, yanayohusishwa na vita vya Vienna vya 1683, yanaonekana ya kale sana lakini kwa vitabu ninavyozungumzia hayo ni vijana.

Ibrahimu kukaa kwenye hema la Kiingereza hakukumsumbua mtu. Ile Biblia ya picha iliyoko maktaba ya Morgan, New York, iliyotengenezwa Paris miaka ya 1240 na inayohusishwa na Mfalme Louis wa Tisa, Sauli na Daudi wamevaa chuma kama wapiganaji wa Ufaransa wa siku hiyo, na mahema yao ni ya siku hiyo. Kwangu hiyo ni faida kubwa, maana mchoraji hakwenda kutafuta hema la kale, kachora lile analoliona. Na huyu Louis mahema aliyajua kwelikweli, mwaka 1249 akiwa Cyprus aliwapelekea Wamongolia zawadi ya hema lenye umbo la kanisa dogo, la kitambaa chekundu cha bei mbaya, ndani limepambwa picha za Mariamu akipashwa habari na malaika na habari nyingine za imani. Lilifika mfalme wa Wamongolia ameshakufa, mjane wake akalichukua kama kodi.

Neno letu lenyewe, hema, limetoka kwenye Kiarabu, khaima, na watu wa mahema wamo kwenye Maqamat, kitabu cha hadithi za Kiarabu kilichochorwa na Yahya al-Wasiti mwaka 1237, picha 99, kiko Paris. Ndicho kile chenye jahazi la kwenda Oman ambalo ndugu zetu wa pwani wamelizoea kuliona. Nitakiandikia siku yake.

Cha mwisho kwa leo. Mwezi uliopita nilishona hema la majaribio, kipenyo mita 3, kitambaa cha pamba kisicho na plastiki, nguzo moja ya mkaratusi katikati, hakuna duara la mbao, hakuna vijiti. Kamba 12 za katani, kila moja na mguu wa kuku wa vidole viwili. Mwanzo tukaweka vigingi karibu na ukuta kama kwenye picha, bega likazama, paa likawa kama kofia iliyolowa. Tukavisogeza nje mpaka umbali ukalingana na kimo cha ukuta na zaidi kidogo, yule kijana anakaza upande wake mimi wangu, tunazunguka, mara ya tatu bega likakata kona. Siyo kona kali kama ya kwenye vitabu lakini ni kona. Akaingia ndani akasimama, akaishika nguzo kwa mikono miwili akacheka, akasema "kumbe, fundi."

Linalobaki ni maji. Katani ikilowa inajivuta, inafupika, na kamba 12 zikifupika pamoja ama zinang'oa vigingi ama zinachana bega, ndiyo maana kambini lazima mtu aamke usiku kulegeza. Vuli ikianza kunyesha naliacha nje usiku kucha, nitakaa pale barazani na tochi.