Ua Likishaonyesha Rangi, Umechelewa

Wiki hii nimepokea tena ujumbe ule ule, wa nne tangu Januari ianze. "Daktari, redi spaida wamenishinda. Nimepiga dawa mara tatu kwa siku kumi na hawafi. Nitajie iliyo kali zaidi, Alhamisi naanza kukata ya Valentine." Picha aliyotuma ilikuwa ya waridi jekundu. Juu, vikonyo vimenyooka na vichwa vimeanza kuonyesha rangi. Chini, majani yamekuwa ya shaba na utando umefunga toka tawi hadi tawi.

Nimekaa kwenye vivungulio vya waridi (nyumba za plastiki za kilimo) vya Naivasha, Kenya, muda wa kutosha kujua jibu analolitaka, na siwezi kumpa kwa sababu halipo. Hakuna dawa iliyofichwa rafu ya juu dukani ambayo sisi wataalamu tunawanyima wakulima. Ua likishaonyesha rangi, utitiri, yaani huyo redi spaida, ulishashinda au kushindwa wiki nyingi nyuma, kwenye majani ya chini ambayo hakuna aliyeinama kuyatazama.

Kila anayelima waridi anajua kwamba tunakunja matawi dhaifu yalale kando ya kitanda ili majani yake yalishe mche. Hayo yaliyolala ndiyo makao ya utitiri. Yamezeeka, yana vumbi, na mpuliziaji aliyesimama wima hawezi kuyafikia kwa chini hata akimwaga tangi zima. Utitiri huishi upande wa chini wa jani, na dawa nyingi tulizonazo haziui mpaka ziuguse. Dawa iitwayo abamektini hupenya jani, ni kweli, lakini hupenya vizuri jani changa. Jani gumu la zamani hupitisha kidogo, na kinachobaki juu huharibiwa na jua. Kisha kuna mayai. Kwenye joto la nyuzi 30, yai huchukua kama wiki moja kuwa utitiri mzima, na jike mmoja aweza kutaga zaidi ya mayai 100. Ukiua wakubwa ukaacha mayai, umepata nafuu ya siku chache.

Nilimwomba anitumie picha ya chupa alizotumia. Chupa tatu, rangi tatu, majina matatu ya biashara. Mbili zilikuwa abamektini. Ya tatu ilikuwa pairethroidi, dawa ya wadudu.

Hapa ndipo uvumilivu huniishia. Utitiri si mdudu! Una miguu minane. Ni ndugu wa kupe na buibui. Pairethroidi nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya viwavi, nzi na vidukari, na kwa Tetranychus urticae wa leo, yaani redi spaida huyu, hazifanyi kazi ya maana. Zinachofanya ni kuua kila kiumbe kinachokula utitiri, kisha sumu inabaki kwenye jani kwa wiki kadhaa kuwaua na wale utakaowaleta baadaye. Utitiri wenyewe ukiguswa kidogo na dawa hiyo hutawanyika. Unahama majani ya chini, unapanda juu. Kwa hiyo mtu huyu aliyedhani anapigana nao aliutoa mafichoni kwa mkono wake mwenyewe, akaupeleka kwenye vichwa vya maua.

Na ile abamektini mara mbili? Alidhani amebadilisha dawa kwa sababu alibadilisha jina. Jamani, acheni kusoma jina kubwa mbele ya chupa. Tafuteni namba ya kundi kwenye lebo, inayoonyesha jinsi dawa inavyoua. Abamektini ni kundi la 6. Pairethroidi ni 3A. Heksithiazoksi, inayoshughulika na mayai na wadogo, ni 10A. Spiromesifeni ni 23. Ukitoka 6 kwenda 6 umesimama palepale, hata kama bei imepanda.

Wengine huniambia waliongeza kipimo. Hili nataka kulieleza polepole, kwa kuwa ndilo linaloharibu mashamba na ya jirani pia. Jike wa utitiri asiyepandwa hutaga vilevile, na mayai yake yote hutoka madume. Dume wa utitiri hana baba. Ana nakala moja tu ya kila jeni, ile ya mama yake. Kwa kiumbe chenye nakala mbili, jeni ya usugu huweza kujificha nyuma ya nakala ya kawaida kwa vizazi vingi bila kuonekana. Kwa dume huyu hakuna pa kujificha: anayo, anapona, hana, anakufa. Kila unapopuliza unachagua madume sugu wakawe baba za kizazi kijacho, na kizazi kijacho kiko wiki moja mbele. Jike mmoja tu aliyebebwa kwenye mkono wa koti anaweza kuzaa madume, akapandwa na mwanawe, na ukoo mzima ukaanza upya. Ndiyo maana utitiri huu umeshajulikana kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90 duniani. Kipimo mara mbili hakibadilishi hesabu hiyo. Kinaongeza tu sumu mikononi mwa akina mama wanaoingia kukata.

Hilo la akina mama linaniuma. Mwenye ujumbe alikiri kwamba siku aliyopuliza mara ya tatu wakataji waliingia mchana ule ule, kwa sababu oda haingoji. Lebo ina muda wa kuingia tena. Mkataji wa waridi anaingiza mikono mpaka kwenye kiwiko ndani ya majani kutwa nzima. Afadhali kitanda kizima cha maua kitupwe.

Tuseme dawa ingekuwepo. Ua lililoanza kufunguka haliloweshwi hovyo. Maji yakikaa kati ya petali mpaka usiku, Botrytis, ukungu wa kijivu unaoozesha maua, huingia. Shambani huoni kitu, doa linachanua ndani ya boksi njiani kwenda Uholanzi. Thiripsi, wadudu wadogo wembamba, nao wakati huo wameshajichimbia ndani ya kichwa, ambako dawa haifiki. Na kiwavi wa nondo Thaumatotibia leucotreta akishatoboa kichwa amekwenda. Tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umeweka masharti mapya juu yake kwa waridi, na kiwavi mmoja tu hutosha kukataliwa mzigo. Hao nitawaandikia siku nyingine.

Kinachofanya kazi ni utitiri mlaji, Phytoseiulus persimilis, ambao shambani tunauita faito. Asili yake ni Chile. Mwaka 1958 ulikutwa Ujerumani kwenye okidi zilizosafirishwa, na tangu hapo umesambazwa duniani. Haula kingine ila jamii ya Tetranychus, na unakula mayai pia. Tunaumwaga mara tu baada ya kukata vichwa vya matawi ili yachipue maua ya Valentine, mwanzoni mwa Desemba, wakati utitiri bado uko kwenye madoa machache yaliyofungwa vitambaa na skauti, mkaguzi wa wadudu, mwenye lenzi.

Sitawadanganya kwamba huwa tunashinda. Mayai ya faito husinyaa hewa ikiwa kavu, unyevu ukishuka chini ya asilimia 60, na Januari ya Naivasha mchana ni kavu hasa. Nikilowesha njia kumpa unyevu, usiku wenye baridi namkaribisha Botrytis. Nimejaribu kulowesha saa nne asubuhi tu, nikaona nafuu katika kivungulio kimoja na katika cha jirani yake sikuona tofauti. Vitabu vina kizingiti cha idadi ya utitiri kwa jani. Mimi nimeacha kukitegemea peke yake, kwa sababu kitanda kilicho karibu na mlango na barabara ya vumbi hulipuka kwa idadi ambayo katikati ya kivungulio isingenishtua.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Vunja majani ya chini yenye utando kwenye vitanda vilivyoshikwa, yatie kwenye mifuko na ufunge mdomo kabla hujatoka nayo. Vitanda hivyo viingiwe mwisho wa siku, makoti yafuliwe. Pakibaki madoa, tumia bifenazeti, kundi la 20D, ambayo haimdhuru sana faito, kama hukuitumia msimu huu. Puliza kutoka chini kwenda juu, alfajiri, jani likauke mapema, bila kugusa vichwa, na wakataji wakae nje mpaka muda wa lebo uishe. Pairethroidi weka mbali.

Amejibu: "Na maua ya Alhamisi?" Nimemwambia achague yaliyo safi, vichwa vyenye utando asivitie kwenye boksi. Faito nitampelekea Machi, sumu ile ikishaisha kwenye majani.