Kipimo cha Mwisho cha Kila Mtoto: Namna ya Kukipata kwenye Hifadhidata bila Kukosea

Kituo cha afya kinachopima watoto uzito kila mwezi, kiwe Himbi au Ndosho, mitaa ya Goma, hujaza jedwali ambamo mtoto mmoja ana mistari mingi, mmoja kwa kila mara alipopandishwa kwenye mizani. Swali ambalo muuguzi hulihitaji zaidi kutoka katika jedwali hilo ni fupi: kila mtoto ana uzito gani kwa sasa? Jibu lake hukosewa mara nyingi, tena kimyakimya, kwa kuwa kompyuta hutoa namba bila kuonya chochote.

Tumchukue mtoto mwenye namba 118. Tarehe 4 Machi alikuwa na kilo 9.4, tarehe 8 Aprili kilo 8.9, na tarehe 6 Mei kilo 8.1. Anayeandika swali kwa haraka katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hukusanya mistari kwa namba ya mtoto, yaani GROUP BY, kisha huomba MAX, yaani thamani kubwa kuliko zote, ya tarehe na MAX ya uzito. Kompyuta hufanya kila hesabu peke yake na kurudisha tarehe 6 Mei yenye kilo 9.4, kipimo ambacho hakikufanyika kamwe. Mtoto anayekonda kwa miezi miwili anaonekana hajambo, na hakuna atakayekwenda kumtafuta. Kuondoa MAX ya pili na kuomba uzito mtupu hakusaidii: programu ya hifadhidata ya PostgreSQL hulikataa swali la namna hiyo, ilhali mwenzake MySQL kabla ya toleo la 5.7, katika mpangilio wake wa kawaida, ililipokea na kuchukua uzito kutoka mstari wowote wa mtoto huyo.

Kinachotakiwa ni mstari mzima. Njia ya zamani hupita hatua mbili: kwanza hupatikana namba ya kila mtoto pamoja na tarehe yake ya mwisho, kisha matokeo hayo huunganishwa kwa JOIN na jedwali lenyewe, namba na tarehe zikilinganishwa kwa pamoja. Mimi hupendelea ROW_NUMBER pamoja na PARTITION BY, ambapo kompyuta huigawa mistari kwa mtoto, huipanga kuanzia tarehe mpya, huipa namba, nasi tukabaki na ile yenye namba 1. PostgreSQL ina uwezo huo tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, na MySQL tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018.

Mtoto aliyepimwa mara mbili siku moja, labda kwa sababu mizani ilitiliwa shaka, ataleta mistari miwili kwa njia ya kwanza. Kwa njia ya pili utapata mmoja tu, lakini usipotaja saa ya kipimo katika mpangilio, hutajua umepewa upi. Wala namba ya kuingizwa, ile ambayo kompyuta huupa kila mstari unapoandikwa, isichukuliwe kuwa ndiyo dalili ya upya: umeme unapokosekana, vipimo huandikwa kwenye daftari na kuingizwa baadaye, pengine baada ya vile vya wiki iliyofuata.

Kuna kosa jingine ambalo sisi tunaoandika tarehe kwa kuanza na siku tunalikaribisha wenyewe. Safu ya tarehe ikiwekwa kama maandishi, 28/03/2024 itahesabiwa kuwa kubwa kuliko 05/04/2024, kwa kuwa kompyuta hulinganisha herufi ya kwanza kwanza, na 2 inaizidi 0. Safu hiyo iwe ya aina ya DATE, na jedwali likikua liwekewe faharasa (INDEX) ya namba ya mtoto na tarehe, ili swali lisichelewe.

Mtoto aliyeandikishwa lakini hajapimwa hata mara moja hana mstari wowote katika jedwali la vipimo, kwa hiyo hatoki kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Ili naye aonekane, swali lianzie kwenye jedwali la watoto, nalo liunganishwe na vipimo vya mwisho kwa LEFT JOIN, ambayo humbakiza kila mtoto hata asiye na kipimo. Majina yatakayotoka bila uzito ndiyo ya kukabidhiwa kwanza kwa wahamasishaji wa afya wa mtaa.